Neno Walilonilazimisha Kusema

Kalehe, 9 Machi 2025

Mama Marlène,

Bwana asifiwe. Mimi na mama yenu tunakusalimu. Tu hai. Goti lake limevimba tena na anatembea kwa fimbo, lakini ukimwambia apumzike anakununia. Mvua imechelewa, maharagwe yamechipua kwa shida. Wale mbuzi tuliobaki nao walichukuliwa na watu wenye bunduki waliopita hapa mwezi uliopita. Sikuuliza ni wa upande gani, maana siku hizi kuuliza ni kosa. Mjukuu wangu Marlène hajambo? Na Heritier, mwana pekee niliyebaki naye, bado anachomelea milango huko Katwe? Mwambie baba yake anamngojea aoe.

Nimekuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu imekuwa hatari. Ukisimamishwa barabarani wanaifungua na kusoma kila kitu. Benedicte ataibeba barua hii katikati ya marobota yake ya vitenge, na yako atarudi nayo akija. Anakaa sana njiani, kwa hiyo tuvumiliane.

Sasa lililonifanya nikae chini niandike. Benedicte alisali kanisani kwenu alipokuja huko mara ya mwisho. Anasema ilipofika saa ya shukrani watu wote walisimama, wewe ukabaki umeketi. Mchungaji akakuita kwa jina uje mbele useme Mungu amekutendea nini, ukamtazama tu mpaka akaona haya akamwita mwingine. Anasema tena kwamba nyumbani kwako mtoto anatia tonge mdomoni bila mtu kushukuru. Ni kweli?

Mama Marlène, mimi nimekuwa mwinjilisti tangu kabla marehemu mume wako hajazaliwa. Kushukuru si hisia. Ni kazi, kama kulima. Mtu anaamka anaifanya, apende asipende, na anayeiacha shamba lake linaota magugu. Ulitoka hapa na mtoto mgongoni ukafika Kampala mzima. Wangapi hawakufika? Neno linatuagiza kushukuru katika mambo yote, halikusema katika mambo tunayoyapenda.

Nijibu.

Baba mkwe wako,
Emile


Katwe, Kampala, 27 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo wewe na mama. Barua yako ilinifikia juma hili, karatasi imelowana kona moja lakini inasomeka. Poleni kwa mbuzi. Goti la mama likandwe na maji ya moto yenye chumvi, nami nitamtuma Benedicte na mafuta ya kuchua.

Sisi tu wazima. Marlène ana miaka sita sasa, amepoteza meno ya mbele, na akigombana na watoto wenzake anagombana kwa Kiganda. Mimi bado napika pale pale kando ya karakana za chuma. Asubuhi chai na maandazi, mchana bugali na sombe ya majani ya mihogo. Mafundi wanakula wamesimama, mikono myeusi, wanapiga kelele kwa sababu siku nzima wanashinda kwenye nyundo na wamesahau kusema polepole. Heritier yuko karakana ya tatu kutoka kwangu. Anachomelea milango na madirisha, na jioni anakuja kula kwangu. Habari ya kuoa nimemwambia, akacheka.

Kuhusu kushukuru, aliyokwambia Benedicte ni kweli. Naomba uniache nalo, Baba. Si kwamba nimemwacha Mungu. Naenda kanisani kila Jumapili, natoa sadaka, nafagia zamu yangu ikifika. Lakini neno hilo halitoki. Kwa Kiganda naweza. Mteja akinilipa nasema webale ssebo, webale nnyabo, bila shida yoyote. Ni kwa lugha yetu ndipo koo linajifunga, na nikilazimishwa natapika. Juma lililopita mchungaji alihubiri kwamba tushukuru hata kwa mabaya yaliyotupata, kwa sababu Mungu alikuwemo ndani yake. Nilitoka nje nikatapika ukutani.

Usiniulize sababu. Mwanao Gradi aliondoka kwa risasi moja, hakuteseka, niliwatumia habari hivyo na ndivyo ilivyokuwa. Huzuni yangu ni ya kawaida ya mjane.

Msalimu mama.

Mke wa mwanao,
Perpétue


Kalehe, 8 Juni 2025

Mama Marlène,

Bwana asifiwe. Mafuta yamefika, goti linapungua. Maharagwe tumevuna kidogo.

Nasikia uchungu kukwambia haya, lakini utayasikia kwa Benedicte, afadhali uyasikie kwangu. Katikati ya mwezi wa tano walikuja kanisani wakati wa ibada. Walitaka vijana. Hatukuwa na vijana, wote tumeshawatuma mbali kama Heritier. Wakasema tumewaficha. Wakachukua mabenchi wakayafanya kuni hapo hapo uwanjani, wakaniketisha karibu na moto wakaniuliza majina. Sikuwataja. Mmoja alinipiga kitako cha bunduki mdomoni. Meno yaliyong'oka naweza kuyahesabu kwa ulimi. Mzee mwenzangu wa kanisa, aliyekuwa akipiga ngoma, walimpiga mpaka akaacha kulia, na jioni tukamzika.

Jumapili iliyofuata tuliketi chini sakafuni, nikaongoza shukrani kwa mdomo uliovimba. Maneno hayakueleweka. Watu walisimama hata hivyo. Nakwambia haya si kwa kujisifu. Nakwambia kwa sababu unasema neno halitoki. Langu lilitoka na damu.

Kwa hiyo sitakuacha. Wewe si mjane wa mtu mwingine, ni mke wa mwanangu, na mtoto unayemlisha bila shukrani ni damu yangu. Kesho mtu atamwambia kwamba Mungu hadaiwi wala hadai, naye ataamini.

Habari ya risasi umeniandikia tena. Nimesoma. Juu ya hilo sitasema kitu.

Habari za Heritier umenipa kidogo tu. Mwambie aniandikie mwenyewe, hata mistari miwili.

Baba yako,
Emile


Katwe, 20 Julai 2025

Baba,

Pole. Pole sana, wewe na kanisa lote. Nilipoisoma barua yako niliketi nayo mpaka sombe ikaungua. Marlène hajambo, shule zinaendelea. Heritier ni mzima mpaka leo asubuhi.

Nilikuomba usiniulize. Sasa nakwambia bila kuulizwa, kwa sababu nimeshamwambia Heritier, na si haki yeye ajue na wewe usijue. Ukae chini kabla hujaendelea. Mama usimsomee.

Hakukuwa na risasi.

Walikuja mchana, nikiwa naanika mihogo. Wanne. Walisema Gradi aliwalisha wanajeshi wa upande wa pili. Gradi akasema chakula kilichukuliwa kwa nguvu, kama wao watakavyokichukua sasa. Mmoja akacheka, akasema huyu ana mdomo. Wakamlaza kwenye ule ubao ninaopasulia kuni. Walianza na mikono. Walitumia panga letu wenyewe. Marlène nilikuwa nimemfunga mgongoni, nikavuta kitenge kikamfunika kichwa. Mimi hawakuniruhusu kufumba macho.

Kisha mdogo wao, kijana asiye na ndevu, akaja kusimama mbele yangu. Akasema, "Wewe na mtoto tunawaacha. Tumewapa uhai. Sema aksanti."

Sikusema. Akarudi akampiga Gradi panga la bega. Gradi alikuwa hai bado. Akaja tena.

"Sema aksanti."

Nilidhani nikinyamaza atachoka. Akarudi tena, akampiga tena. Ndipo nikaelewa ule mchezo ulivyo. Nikasema. Akaweka mkono sikioni akasema, "Haikusikika." Nikasema kwa nguvu. Aksanti. Aksanti sana. Nilipiga kelele ya aksanti mpaka wakashika matumbo kwa kucheka, na yule kijana akacheka kuliko wote. Gradi alikuwa ananitazama. Kitu cha mwisho alichosikia mume wangu duniani ni mimi nikiwashukuru.

Basi, Baba, ndilo hilo neno unalotaka nisimame niliseme Jumapili.

Sasa sikiliza kilichobaki. Mwanzoni mwa mwezi huu alikuja mtu mpya kanisani. Mchungaji akamkaribisha atoe ushuhuda. Nilikuwa nyuma, namfunga Marlène viatu, sikumwona. Nikasikia sauti. "Nasimama kumshukuru Mungu aliyenitoa porini. Nilifanya mengi, amenisamehe yote." Watu wakapiga vigelegele. Nikainua kichwa. Amenenepa kidogo na ameota ndevu, lakini ni yeye, yule kijana. Anaitwa Dady. Kumbe ana jina.

Nilimaliza kumfunga Marlène viatu. Nilifikiri labda ni wazimu wangu. Juzi Ijumaa akaja kwenye meza yangu, anatafuta kibarua kwenye karakana. Akaomba bugali. Hakunitambua hata kidogo. Nikampakulia, mikono yangu ikafanya kazi yake kama kawaida. Alikula yote akafuta sahani kwa kidole, akanirudishia akatabasamu.

"Aksanti, mama. Umepika kama kwetu."

Jana nilimwambia Heritier kila kitu, kama nilivyokuandikia. Hakulia. Aliniuliza maneno yenyewe yalikuwa yapi, nikamtajia moja moja. Akaniuliza yule mtu atarudi kula lini. Nikamwambia alisema Jumatatu.

Leo asubuhi ameondoka bila kunywa chai. Benedicte anasafiri leo, lazima nifunge barua. Ningeweza kumfuata Heritier nimzuie. Nimekaa hapa naandika.

Perpétue


Kalehe, 10 Agosti 2025

Perpétue,

Leo sisalimii.

Barua yako nimeipata jana. Nimetembea mpaka juu kilimani kwenye mtandao, nimeazima simu ya mwalimu, nimepiga namba ya Heritier mpaka moto wa betri ya simu ukaisha. Haipatikani. Yako pia. Huenda unaposoma hapa jambo limekwisha kutendeka, na ninaandika kwa watu ambao si hao tena. Naandika hata hivyo. Mzuie. Mlalie mlangoni. Mwambie baba yake amesema hapana. Gradi wameshamchukua, na huyu wakimfanya kama wao watakuwa wamenichukulia wote wawili.

Lingine ni hili. Ubao ule niliuona, binti yangu. Nani unadhani alimzika? Nilifika siku ya pili yake na majirani wawili. Nilimwosha mimi. Mikono yake niliitafuta majanini mpaka nikaipata, nikaiweka mahali pake, nikamfunga shuka mama yake asione. Mama yenu nilimwambia ni risasi. Ulipotutumia habari kutoka njiani kwamba ni risasi, nilijua kwamba wewe ulikuwepo, uliona, na unatuficha. Nikakuacha ufiche. Tangu hapo tumekuwa wawili tunaosema uongo mmoja.

Lakini la aksanti sikulijua. Ningelijua nisingekuandikia vile.

Siku ile sikumshukuru Mungu kwa kifo cha mwanangu. Sijawahi, na yeyote anayehubiri hivyo aje anifundishe mimi huku namtazama. Nilishukuru kwa wale majirani wawili, kwamba walikuja kubeba, wakati wengine walijifungia. Hilo tu. Lilikuwa dogo kama punje na nililishikilia. Ndiyo kazi niliyokuwa nakwambia, ila nilikwambia kwa ukali, kana kwamba Mungu ni mtoza kodi.

Unasema Gradi alikusikia ukiwashukuru. Mimi namjua, nilimlea. Alisikia kwamba mke wake na mtoto wake watabaki hai. Akafa akijua hivyo.

Mzuie Heritier.

Emile


Katwe, 31 Agosti 2025

Baba,

Nakusalimu wewe na mama. Naandika kwa mkono wa kushoto, uvumilie mwandiko. Mkono wa kulia umevunjika, uko kwenye plasta.

Barua yako ilifika jambo limekwisha. Heritier yuko hai. Yuko gerezani. Yule mtu yuko hai pia. Nakueleza ilivyokuwa, sitaficha kitu tena.

Jumatatu ile alikuja mchana kama alivyosema. Nilimpakulia. Heritier akaja akaketi karibu naye kwenye benchi, ananukia moshi wa chuma, akamuuliza kwa upole, "Kaka, wewe wa wapi?"

"Kivu ya Kusini."

"Kalehe unaijua? Juu kule, mwaka ule wa vita vya mihogo?"

Watu wa kwetu ndio wanaouita mwaka ule hivyo. Yule mtu aliacha kutafuna. Akamtazama Heritier, kisha akanitazama mimi, na safari hii alinitambua. Sahani ikaanguka. Alikimbia.

Hakufika mbali. Heritier alipiga kelele, "Muuaji! Mshikeni!" Unaijua Katwe kwa kusikia tu, Baba. Pale mtu akipiga kelele hivyo hakuna anayeuliza ameua nani. Walitoka kila karakana, mwenye nyundo na nyundo, mwenye nondo na nondo. Walimkamata kwenye mtaro wa maji machafu wakamburuta mpaka mbele ya karakana ya Heritier. Sauti ya chuma ikigonga mfupa si kama sauti ya chuma ikigonga chuma. Nilikuwa nimesimama kando ya sufuria yangu na mwiko mkononi, na nitakwambia ukweli, nilifurahi. Kila kipigo nilikihesabia Gradi. Jicho lake moja lilitoka. Mtu mmoja alikuwa amekwisha kuleta tairi na mwingine anaulizia petroli.

Ndipo Heritier akawaambia wangoje. Akainama juu yake na nondo mkononi, akasema:

"Sema aksanti."

Yule mtu alisema. Mdomo ulikuwa umejaa damu. "Aksanti. Aksanti, kaka."

Heritier akaweka mkono sikioni. "Haikusikika."

Na watu wakacheka. Hawakujua wanacheka nini. Ila kicheko chenyewe, Baba, kilikuwa kile kile, na aliyeinama pale alikuwa na mabega ya Gradi na kisogo cha Gradi, na yule aliyelala chini anayepiga kelele ya aksanti alikuwa mimi.

Sijui niliuangusha mwiko saa ngapi. Nilipita katikati yao nikamlalia yule mtu. Nondo ya Heritier ilikuwa imeshainuka, ikashukia mkono wangu. Nikasikia umevunjika kabla sijasikia maumivu. Heritier akapiga kelele, "Shemeji, toka!" Nikasema sitoki. Watu wakanivuta miguu. Nikamkumbatia kwa mkono mmoja, mtu aliyemuua mume wangu, ananuka sombe niliyompikia mimi. Nilikaa hapo mpaka polisi walipofika.

Sikumsamehe. Naomba usimwambie mtu yeyote kwamba nilimsamehe. Mchungaji amekuja hospitali akataka niende mbele nishuhudie msamaha, nikamfukuza. Nilitaka neno lile likome, basi. Nilitaka mtu yeyote asilazimishwe tena kulisema mbele ya macho yangu, hata yeye.

Polisi aliyeniandika maelezo ni mwanamke wa kaskazini, anaitwa Abalo, Kiswahili chake ni cha kambi za askari. Akaniambia:

"Wewe mama, huyu naua bwana yako, na bado wewe nalala juu yake. Mimi siwezi elewa."

"Hata mimi sielewi, afande. Andika tu."

"Nani napiga yeye?"

Wengine walikuwa wamekimbia wote, na hata hao sikuwajua majina. Niliyemjua ni mmoja. Nilimtaja. Aliweka kalamu chini. "Shemeji yako? Wewe najua utafunga yeye?"

"Najua. Na andika pia alichofanya huyu kwetu, tangu mwanzo."

"Mambo ya Congo hapa si yetu."

"Andika."

Aliandika yote, mpaka ubao, mpaka panga. Aliponisomea alisimama katikati akanywa maji. Baadaye aliniambia kwamba alikwenda wodini kumuuliza Dady, naye akajibu, "Ni kweli. Nilikuwepo." Amefungwa pingu kwenye kitanda. Kama atapelekwa mahakama yoyote, hapa au kwetu, hakuna anayejua.

Kwa hiyo mwanao niliyeagizwa nimzuie, nimemzuia asiue, kisha nimemtia gerezani kwa mdomo wangu. Kama hutaki kuniandikia tena nitaelewa.

Perpétue


Kalehe, 28 Septemba 2025

Binti yangu Perpétue,

Nimepokea. Safari hii mama yenu nilimsomea yote, tangu ubao. Alilia, kisha akaniambia alijua tangu siku ile, kwa jinsi nilivyoifunga shuka.

Nina mwana gerezani ambaye si muuaji. Jana sikuwa na uhakika wa kitu kama hicho. Ni wewe uliyemlipia kwa mfupa wako.

Benedicte anasema Heritier hali chakula na hataki kumwona mtu. Nenda kamwone. Usimwambie kwamba nimekasirika. Nimekasirika, lakini hilo nitamwambia mwenyewe.

Baba yako,
Emile


Katwe, 19 Oktoba 2025

Baba,

Salamu kwako na kwa mama, na pole kwake kwa miaka yote aliyobeba hilo peke yake. Plasta imetolewa. Vidole viwili bado havikunjiki vizuri, lakini mwiko nashika. Marlène anaandika jina lake lote sasa. Kesi ya Heritier imeahirishwa mpaka mwezi wa kumi na moja. Afande Abalo anasema hakimu akiyasoma maelezo yote huenda akampa kifungo chepesi, ila si ahadi.

Nilikwenda Alhamisi. Mara mbili kabla ya hapo alikataa kutoka. Safari hii alitoka, akasimama upande wa pili wa wavu na nguo za njano za wafungwa. Amekonda hata shingo imekuwa ndefu. Hakunisalimu.

"Ulinitaja," akasema.

"Nilikutaja."

"Nilifanya kwa ajili yako. Kwa ajili ya kaka."

"Najua, shemeji. Na mimi ndiye niliyekupa maneno ya kumwambia."

Alikaa chini sakafuni. Akasema usiku halali, anasikia watu wakicheka, na kwamba mkono wake ukishika kijiko anaona nondo, kwa hiyo ameacha kushika kijiko. Akasema, "Nilikuwa nafurahi, Mama Marlène. Nilipomwambia haikusikika nilikuwa nafurahi sana." Sikumwambia si kitu. Nilimwambia hata mimi nilifurahi, nikiwa nimesimama pale na mwiko.

Nilikuwa na mikate na ndizi mbivu, askari alishavikagua na kumpa. Heritier aliviweka sakafuni mbele yake akavitazama. Nikaona hatakula. Sijui cha kumfanyia mtu asiyekula, Baba, kazi yangu yote ni kulisha watu. Basi nikashika wavu nikafumba macho. Wageni wengine walikuwa wanapiga kelele pembeni, kila mtu na ndugu yake. Nilisema kwa sauti, kwa Kiswahili chetu:

"Bwana, nakushukuru kwa sababu Heritier hakuua mtu."

Koo halikujifunga. Nilingoja kutapika, sikutapika. Nikatafuta la pili la kushukuru nisilipate. Ningeweza kubuni, watu wanabuni kila Jumapili, lakini sikutaka. Nilikuwa na moja, na lilikuwa kweli, kwa hiyo nikalirudia lile lile, polepole.

Nilipofumbua macho Heritier alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kwenye magoti. Akasema amina. Akavunja mkate akala, analia, anatafuna, na mimi nilikaa nikimtazama mpaka askari akaja akasema muda umekwisha.

Binti yako,
Perpétue